Mgao bayana, si "upangaji wa vipaumbele"

Rasimu ya istilahi za afya iliyonifikia inaiita kazi ya kuamua nani atibiwe na nani asubiri "upangaji shirikishi wa vipaumbele vya rasilimali kwa uwazi". Maneno manane, na hakuna hata moja linalokiri kwamba kuna mtu atakosa.

Neno tunalo: mgao. Hapa Mjambere, na Kisauni nzima, halihitaji maelezo. Maji ya visima vya Baricho yasipotosha, watu huuliza mgao wetu lini, na wakikosa huuliza kaupata nani. Maswali hayo mawili ndiyo dhana yenyewe. Kipaumbele humtaja aliyetangulizwa, basi. Gawa huzaa gawia, gawiwa, mgawaji: upo mkono unaotoa, yupo anayepokea, na kinachotolewa kina kikomo. Niliwahi kulipendekeza mbele ya jopo moja, nikajibiwa kwamba ni neno la shida, la foleni ya mitungi. Ndivyo hasa! Kitanda cha wagonjwa mahututi nacho kina foleni. Jibu lile halikuwa na hoja, na hadi leo sijaletewa nyingine.

Wapo wanaokubali mgao ila wanataka uwe "wa wazi". Wazi haitoshi. Kiti kisicho na mtu ni wazi, mlango usiofungwa ni wazi. Orodha ikibandikwa ukutani bila sababu, uwazi umetimia na hakuna aliyeelewa. Bayana, neno ninaloliweka badala yake, imetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kukitenga kitu na kingine hadi kionekane, na kwetu inakaa na baini, bainisha na bainifu. Aliyesoma Suratul Bayyina madrasani, sura ya 98, anajua kwamba ni hoja iliyo dhahiri. Na mbele ya kadhi, dai husimama kwa bayana. Norman Daniels na James Sabin, Wamarekani walioandika juu ya mgao wa tiba mwaka 1997, walidai hilohilo: uamuzi utangazwe pamoja na sababu zake, sababu ziwe za kukubalika kwa watu wenye nia njema, na aliyenyimwa apate pa kukata rufaa.

Hapa Kenya, NHIF, bima ya taifa ya hospitali, ililipia kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, ilhali kawaida ya tiba ni mara tatu. Huo ulikuwa mgao. Mgonjwa wa figo aliijua idadi. Kwa nini mbili, hilo ndilo lililohitaji kubainishwa. Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliibatilisha Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, iliyoiondoa NHIF, sababu mojawapo ikiwa umma haukushirikishwa vya kutosha. Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu, na Oktoba 1 makato ya asilimia 2.75 ya mshahara yakaanza. Anayekatwa ana haki ya kubainishiwa makato yake yanalipia nini, na kwa nini hayalipii kingine.

Na hilo neno la kushirikishwa, "ushirikishwaji", nalo ni kauli ya kutendwa: umma unaitwa, unaketishwa, unaandikwa majina. Mimi naandika ushiriki.

Matumizi: mgao bayana wa vitanda, wa dawa, wa mashine; hospitali imebainisha mgao wake. Wingi ni migao bayana, na bayana haibadiliki kwa ngeli.