Kusampo: kipande cha wimbo kina mwenyewe

Huenda umewahi kusikia wimbo mpya redioni ukajiuliza, "Huu mbona kama naujua?" Mara nyingi hujakosea. Nyimbo nyingi za siku hizi hujengwa kwa vipande vya nyimbo za zamani. Kazi hiyo watayarishaji wa muziki huiita kusampo. Katika makala haya tunaeleza maana yake, tofauti yake na kuiga, na kwa nini aliyetangulia anastahili kuombwa ruhusa na kutajwa.

Kusampo ni nini?

Kusampo ni kukata kipande cha rekodi ya mtu mwingine, kiwe ni mlio wa gitaa, ngoma au sauti ya mwimbaji, na kukitia katika wimbo mpya. Kipande hicho kinaweza kurudiwarudiwa, kuongezwa kasi au kupunguzwa. Zamani kazi hii ilihitaji mashine ya bei kubwa. Leo programu ya kwenye simu inatosha.

Kurudia wimbo ni jambo jingine. Anayerudia hakati rekodi, bali anaimba au kupiga upya maneno na tuni ya mwenzake. Kufuata mtindo ni jambo la tatu. Ukipenda rumba ukatunga rumba yako, hujamwibia mtu, kwa sababu mtindo hauna mwenyewe.

Wimbo mmoja, haki mbili

Wimbo uliorekodiwa una haki mbili. Moja ni ya utunzi, yaani maneno na tuni, nayo huanza kwa mtunzi. Nyingine ni ya rekodi, na mara nyingi hushikwa na aliyegharamia kurekodi. Anayerudia wimbo anagusa haki ya utunzi. Anayesampo kwa kawaida anagusa zote mbili, hivyo inabidi aombe ruhusa pande zote mbili.

Kisa cha Manu Dibango

Mwaka 1972 mpiga saksafoni wa Cameroon, Manu Dibango, alirekodi Soul Makossa. Uliwekwa upande wa pili wa santuri ya wimbo wa Kombe la Mataifa ya Afrika, lililochezwa Cameroon mwaka huo, lakini ndio uliokuja kuvuma duniani. Mwaka 1982 Michael Jackson wa Marekani alitumia kiitikio kilichotokana na wimbo huo katika Wanna Be Startin' Somethin'. Hakukata rekodi, aliimba upya. Dibango alidai haki yake na wakapatana nje ya mahakama.

Mwaka 2007 Rihanna akatoa Don't Stop the Music, ukiwa na kiitikio kile kile kutoka kwa Jackson. Mwaka 2009 Dibango alifungua kesi Paris dhidi ya wote wawili, akisema ruhusa haikuombwa kwake. Hakufanikiwa katika kesi hiyo. Lakini kisa kinatufundisha kwamba kumwomba aliye karibu yako hakutoshi kama naye alichota kwa mwingine.

Mpiga ngoma ambaye hakulipwa

Mwaka 1969 kundi la Marekani, The Winstons, lilirekodi Amen, Brother. Katikati ya wimbo, vyombo vingine vinanyamaza na Gregory Coleman anapiga ngoma peke yake kwa sekunde sita au saba. Kuanzia miaka ya 1980 kipande hicho kimesampuliwa katika maelfu ya nyimbo, na mitindo mizima ya muziki nchini Uingereza imejengwa juu yake. Coleman alifariki mwaka 2006 akiwa hana makazi, bila kupata chochote kwa matumizi hayo.

"Sekunde chache hazina shida"

Maneno haya husikika sana studio, lakini si kanuni ya kutegemea. Mwaka 1991 mahakama ya New York ilimkuta na kosa rapa Biz Markie kwa kusampo wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa. Mauzo ya albamu yake yakazuiwa. Tangu hapo kampuni kubwa za muziki zimezoea kuomba ruhusa kabla ya kutoa wimbo.

Hapa kwetu

Kutumia wimbo wa zamani si lazima kumuumize mwenye nao. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa Salome, uliojengwa juu ya Maria Salome wa Saida Karoli, mwimbaji kutoka Kagera. Jina la Saida lilirudi midomoni mwa watu, naye mwaka 2017 akatoa wimbo mpya, Orugambo.

Kwa sheria za Tanzania na Kenya, kazi ya mtunzi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo wimbo wa marehemu nao una wenyewe, ambao mara nyingi ni warithi wake. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 pia ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, zikiwemo nyimbo na ngoma.

Kama unaimba au kupiga ngoma kijijini, tunakushauri haya:

- Akija mtu kukurekodi, muulize rekodi itatumika wapi, na mwandikiane.
- Usitie saini karatasi usiyoielewa. Mtafute mtu unayemwamini akusomee.
- Tunza nakala ya rekodi, pamoja na tarehe na majina ya walioshiriki.
- Sajili kazi yako: COSOTA kwa Tanzania, KECOBO kwa Kenya. Haki yako huanza unapotunga, lakini usajili hukusaidia kuithibitisha.

Na kama wewe ndiye unayechukua, omba ruhusa kabla ya kutoa wimbo, kubalianeni malipo, kisha andika jina la mwenye kazi. Kumtaja peke yake ni heshima, lakini hakuchukui nafasi ya ruhusa.