Nyuzi za mwanga katika vyombo vya angani

Nyuzi za mwanga katika vyombo vya angani (pia: faiba) ni nyuzi nyembamba za kioo zinazopeleka data kwa njia ya mwanga kutoka kifaa kimoja hadi kingine ndani ya satelaiti au kituo cha anga. Teknolojia yenyewe ni ileile ya mikongo ya mawasiliano iliyolazwa chini ya bahari hadi Mombasa na Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba ndani ya chombo cha angani njia nzima huwa na urefu wa mita chache tu, kwa hiyo sababu kuu ya kuitumia si umbali.

Kwa nini mwanga

Ndani ya satelaiti vifaa vimebanana: kompyuta, betri, redio, mota na vipimo vya kisayansi. Waya wa shaba unaopitisha data hutoa mawimbi ya sumakuumeme kama antena ndogo, na hupokea mawimbi ya majirani zake. Ili kuzuia usumbufu huo, nyaya hufunikwa kwa wavu wa chuma, na wavu huongeza uzito. Uzi wa kioo hautoi wala haupokei mawimbi hayo. Aidha haupitishi umeme, hivyo hitilafu ya umeme katika kifaa kimoja haiwezi kupita humo na kuunguza kingine.

SAMPEX

Satelaiti ndogo ya SAMPEX, iliyorushwa tarehe 3 Julai 1992, ilikuwa chombo cha kwanza cha NASA kuunganisha mifumo yake kwa njia ya data ya nyuzi za mwanga. Njia hiyo ilifuata kanuni ya MIL-STD-1773, ambayo ni ndugu wa MIL-STD-1553, kanuni ya kijeshi ya Marekani inayotumia nyaya za shaba. Kasi zao zilikuwa sawa: biti milioni 1 kwa sekunde.

Katika mpango huo kompyuta moja ndiyo msimamizi, na kifaa kingine hakitumi kitu mpaka kiamriwe. Mwanga unaotoka kwa mmoja hugawanywa kwa wote na kiungo chenye umbo la nyota ambacho hakihitaji umeme. Ubaya wake ni kwamba kila mmoja hupata sehemu ndogo tu ya mwanga, kwa hiyo kipokezi lazima kiwe chepesi kuhisi.

Wepesi huo ndio ulioleta tatizo. Watu wengi hudhani kwamba kitu dhaifu katika mfumo huu ni kioo, kumbe ni diodi inayopokea mwanga. Protoni ya angani ikipenya kwenye diodi huzalisha mpigo mdogo wa umeme, na kipokezi huuchukua kama mwanga uliotumwa; ujumbe ukaharibika. Hapakuwa na haja ya kumzuia adui huyu kwa ukuta mzito wa chuma. Kila neno la data lina biti ya ukaguzi. Likionekana lina kosa, ujumbe hutumwa upya. Kwa utaratibu huo SAMPEX iliendelea kukusanya data za kisayansi kwa miaka mingi.

Baadaye wahandisi walihama kutoka mwanga wa nanomita 850 wenye diodi za silikoni hadi nanomita 1300, ambako diodi zake huweza kuwa nyembamba zaidi. Diodi nyembamba hukusanya umeme mdogo zaidi protoni inapopita, na makosa hupungua.

Kioo chenyewe

Mionzi pia hufanya kioo kififie, kwa kuwa huacha kasoro ndogondogo zinazomeza mwanga. Kioo chenye fosforasi huathirika sana. Chenye kiini cha silika safi hustahimili zaidi. Joto husaidia kuponya kasoro hizo, hivyo uzi ulio kwenye baridi kali hufifia zaidi. Hata hivyo, katika mita chache upotevu huwa mdogo.

Hatari nyingine iligunduliwa duniani, kabla ya kurusha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kebo zilizotengenezwa kwa ajili ya Kituo cha Kimataifa cha Anga zilikutwa na mashimo madogo kwenye kioo. Wahandisi waliyaita "injini za roketi" kwa sababu ya umbo lake. Florini kutoka kwenye vifuniko vya plastiki ilikuwa imekutana na unyevu na kufanya asidi, na asidi hiyo ya florini hula kioo. Kasoro ya aina hii ikigunduliwa baada ya kurusha, fundi wa kwenda kuitengeneza satelaiti ya kawaida hayupo.

SMOS

Mfano ulio wazi zaidi wa faida ya mwanga ni SMOS, satelaiti ya Shirika la Anga la Ulaya iliyorushwa tarehe 2 Novemba 2009 kupima unyevu wa udongo na chumvi ya bahari. Ina mikono 3 iliyokunjwa wakati wa kurushwa, ikafunguka angani kufikia upana wa mita 8 hivi, ikiwa na vipokezi 69. Vyote husikiliza mawimbi hafifu yanayotoka ardhini kwenye masafa ya takriban gigahezi 1.4, na lazima vifuate mapigo ya saa moja. Nyaya za shaba zingeweza kunguruma masikioni mwa vipokezi hivyo. Nyuzi za mwanga huleta mapigo ya saa na kurudisha data kimya kimya, bila kuyumba sana joto linapobadilika. Ajabu ni kwamba baada ya kurushwa kelele nyingi zilitoka Dunianihuku, kwenye mitambo ya redio iliyotumia masafa yaliyokatazwa.

SpaceFibre

Shirika hilohilo lilichapisha mwaka 2019 kanuni ya SpaceFibre, inayoruhusu shaba na mwanga pia. Kasi yake hufikia biti bilioni kadhaa kwa sekunde. Kwa shaba njia huwa mita 5 hivi. Kwa nyuzi za mwanga huweza kufika mita 100.