Pumzi na Saa ya Mkononi

Ukisimama asubuhi kando ya njia katika mtaa wa Kware, upande wa mashariki wa Nairobi, utamwona mama akienda kuteka maji na mtungi mtupu, kisha akirudi nao umejaa. Lita 20 za maji zina uzito wa kilo 20. Lau angevaa mkononi saa ya kuhesabu hatua, hesabu ya kwenda na ya kurudi ingekuwa karibu sawa. Je, msomaji, nguvu alizotumia nazo ni sawa?

Swali hili lina historia. Karibu na mwaka 1790 Mfaransa Antoine Lavoisier alionyesha kwamba mtu afanyapo kazi hutumia oksijeni nyingi kuliko apumzikapo. Mwaka 1911 Mwingereza Claude Douglas akaeleza habari za mfuko wa kubebwa mgongoni, ambao hukusanya pumzi ya mtu atembeaye. Tangu hapo pumzi imekuwa shahidi.

Mwaka 1986 G. M. O. Maloiy wa Nairobi na wenzake walitangaza jambo la ajabu. Walipima oksijeni iliyotumiwa na wanawake Wajaluo, wabebao mizigo kichwani, na Wakikuyu, wabebao mgongoni kwa ukanda upitao kichwani. Mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama; uliozidi hapo uliiongeza. Lakini utafiti wa mwaka 2010 juu ya wanawake Waxhosa wa Afrika Kusini haukuiona nafuu hiyo, na mjadala ungaliko.

Na saa je? Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu saa 7 kwa watu 60. Katika kupima mapigo ya moyo, 6 kati yake zilikosea kwa chini ya asilimia 5. Katika kukadiria nguvu zilizotumika, iliyo bora ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na iliyo duni kwa asilimia 93.

Sababu si ngumu. Saa huhisi mwendo wa mkono na mapigo ya damu. Nguvu hukisiwa tu kwa hesabu. Kwa mama wa kilo 60, mtungi ule ni thuluthi ya uzito wake, umepita mbali asilimia 20. Basi, kijana, uonapo tarakimu, uliza kwanza ni kitu gani kilichopimwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.