Usafishaji na urejeshaji wa sura ya nje ya gari (Nyeri na miji ya Mlima Kenya)

Urejeshaji wa sura ya nje ya gari ni kazi ya kuondoa uchafu na kurudisha rangi na ulaini wa sehemu zinazoonekana: bodi iliyopakwa rangi, plastiki nyeusi za bampa na kingo, raba za madirisha, taa, rimu na matairi. Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, yaani Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Embu, Chuka na Meru, kazi hii iko mikononi mwa vijana wa vituo vya kuosha magari kando ya barabara, na kwa kiasi fulani mafundi wa rangi wa jua kali. Vituo vingi vimejengwa pamoja na baa na jiko la nyama choma, ili mwenye gari apate pa kukaa likioshwa. Gari la eneo hili huchakaa kwa mambo matatu: udongo mwekundu, jua la nyanda za juu, na mkono wa anayelisafisha. Mawili ya kwanza hulaumiwa kila siku. La tatu hutajwa kwa nadra, ingawa mikwaruzo na weupe mwingi unaoonekana kwenye magari ya Nyeri umetokana nalo.

Udongo, jua na maji

Miteremko ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua ina udongo wa volkano uliooza kwa maelfu ya miaka. Wekundu wake ni oksidi za chuma, na chembe zake nyingi ni mfinyanzi laini unaoingia hata penye ufa usioonekana kwa macho. Wakati wa kiangazi hupaa kama vumbi. Mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba, huugeuza kuwa tope la kunata, hasa kwenye barabara za vijijini za Tetu, Othaya na Mukurwe-ini ambako malori ya majani chai na pikapu za maziwa hupita mvua inyeshe isinyeshe. Mfinyanzi wenyewe haukwaruzi sana. Kinachokwaruza ni vipande vigumu vya changarawe vilivyochanganyika nao. Ukishuka Mwea au ukivuka Nanyuki kuingia nyanda za Laikipia unakutana na udongo mweusi wa pamba, ambao hukauka ndani ya madigadi ukawa mgumu na kuhifadhi unyevu juu ya chuma.

Nyeri iko kwenye mwinuko wa mita 1,750 hivi, na Nanyuki takriban mita 1,900, tena juu ya mstari wa ikweta. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba miale ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Baridi ya asubuhi humsahaulisha mtu jambo hilo, lakini ifikapo saa sita mchana jua huwa karibu na utosi mwaka mzima, na gari lililoegeshwa nje ya ofisi tangu saa mbili limekaa chini yake siku nzima.

Kwa maji, eneo hili limebarikiwa. Mito inayoshuka mlimani ina chumvichumvi kidogo, kwa hiyo sabuni hutoa povu upesi na matone yakikauka hayaachi madoa mengi. Maji ya visima virefu vya Laikipia huwa na madini zaidi, na gari jeusi lililooshwa nayo juani hubaki na madoadoa meupe yasiyotoka kwa kitambaa kikavu.

Plastiki nyeusi

Gari linalofaa kuelezea jambo hili ni Toyota Probox. Lilianza kuuzwa Japani mwaka 2002 kama gari la kazi, na matoleo yake ya bei ya chini yalitengenezwa na bampa nyeusi zisizopakwa rangi, kwa sababu kampuni inayosafirisha vifurushi haina haja ya bampa ya kupendeza. Kwa kuwa kiwango KS 1515:2000 cha Shirika la Viwango la Kenya hakiruhusu gari lililotumika liingie nchini likiwa na zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, Probox nyingi hufika zikiwa bado na plastiki nyeusi ti. Baada ya miaka michache ya kubeba abiria na mboga kati ya Karatina na vijiji vyake, bampa hizo huwa za kijivu, kisha zikaanza kupauka kama ukuta uliopakwa chokaa.

Chanzo ni kwamba plastiki hiyo, polipropilini, hukatikakatika minyororo yake ya molekuli inapopigwa na miale ya urujuanimno. Tabaka la juu hupasuka vipasuko vidogo mno, mwanga hutawanyika juu yake, na jicho huona kijivu. Ndani ya vipasuko hivyo ndimo udongo mwekundu unamojificha. Ndiyo maana bampa iliyopauka ya Nyeri huwa na wekundu wa mbali hata baada ya kuoshwa, na ndiyo maana dawa yoyote ya kung'arisha ikipakwa kabla udongo haujatoka huufungia humo humo.

Kazi ikifanywa sawasawa huanza kwa brashi yenye nywele laini, sabuni ya maji isiyo kali na subira. Fundi husugua kwa mizunguko midogo, eneo la kiganja kimoja kwa wakati. Povu la kwanza hutoka la rangi ya chai ya maziwa, na hurudia mpaka litoke jeupe. Kwenye bampa ya nyuma ya Probox, ambako magurudumu hutupa tope moja kwa moja, hiyo huwa mara tatu au nne. Kisha plastiki huachwa ikauke kabisa, pamoja na maungo yake, na hupanguswa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo ili kuondoa mafuta ya zamani. Hapo ndipo dawa ya kurejesha hupakwa, kidogo, kwa kitambaa, na ziada yake ikapanguswa. Dawa zenye wino unaoingia kwenye plastiki hudumu kwa miezi, ilhali zile za silikoni huondoka na mvua chache.

Njia za mkato ziko nyingi. Maarufu ni dizeli, mafuta ya taa na kiwi ya viatu. Zote hufanya bampa iwe nyeusi mbele ya macho ya mteja, na huo ndio ubaya wake, kwani mteja hulipa na kuondoka akiwa ameridhika. Jioni ya siku hiyo vumbi limeganda juu ya mafuta, na bampa inaonekana chafu kuliko ilivyokuja. Wapo mafundi wanaotumia mashine ya kupuliza hewa moto, wakiyeyusha kidogo tabaka la juu ili vipasuko vifungike. Weusi hurudi kweli, lakini kinga ya plastiki hairudi, na mkono ukikawia mahali pamoja bampa hupinda. Ni njia ya kutumiwa mara moja katika maisha ya bampa, ikiwezekana isitumiwe kabisa.

Matairi

Watu wengi hudhani wekundu kwenye ubavu wa tairi ni udongo tu. Sehemu yake ni udongo. Sehemu nyingine imetoka ndani ya tairi lenyewe. Watengenezaji huchanganya kwenye mpira nta na kemikali za kuukinga dhidi ya ozoni, inayojulikana zaidi ikiwa 6PPD. Tairi linapozunguka na kujikunja, kemikali hizo husukumwa polepole hadi juu, hukutana na hewa na kugeuka hudhurungi. Kwa hiyo hudhurungi hiyo ni dalili kwamba kinga inafanya kazi. Gari lililoegeshwa kwa miaka bila kutembea hukosa msukumo huo, na matairi yake hupasuka ubavuni hata kama meno yake bado ni marefu.

Kwa kusafisha, maji, sabuni na brashi ngumu vinatosha. Mashine ya presha isogezwe mbali na ubavu wa tairi, walau sentimita 30, kwa kuwa ncha ya maji ikiwa karibu inaweza kujeruhi mpira bila kuacha alama kubwa kwa nje. Baada ya hapo mwenye gari akitaka weusi, dawa ya silikoni iliyochanganywa na maji, ile inayofanana na maziwa, ndiyo salama zaidi. Ile ya mafuta yenye kung'aa kama kioo, sawa na dizeli na oili chafu, hulainisha mpira na kuondoa nta iliyokusudiwa kuulinda. Oili chafu hupakwa pia kwenye springi na chasisi za malori kuzuia kutu. Chuma hufaidika kidogo. Raba zote zilizo karibu hulainika na kuvimba.

Dawa yoyote isipakwe kwenye meno ya tairi wala isirukie diski za breki. Jambo hili lingeonekana kuwa la wazi, lakini kwenye foleni ya Jumamosi, kijana akiwa na chupa moja na magari sita, dawa hupulizwa ovyo na hufika popote.

Rimu za alumini zina adui mwingine: asidi inayotumiwa kuondoa vumbi jeusi la breki. Huondoa vumbi hilo kwa dakika moja na kuacha alumini ikiwa na ukungu wa kudumu.

Rangi ya bodi

Rangi ya gari la kisasa ina tabaka kadhaa, na la juu kabisa, ambalo mafundi huliita klia, lina unene wa mikroni 40 hadi 50 tu, pungufu ya unywele wa mtu. Mng'ao wote uko hapo. Kila fundi anapopitisha mashine ya kung'arisha yenye dawa ya kukwangua, hupunguza mikroni chache. Gari linaweza kuvumilia hivyo mara kadhaa katika maisha yake. Haliwezi kuvumilia kila Krismasi, wakazi wa Nairobi wanaporudi nyumbani na magari yao wakitaka yang'ae.

Kinachofanya mashine hiyo ihitajike ni kitambaa. Kosa la kawaida ni kupangusa vumbi jekundu gari likiwa kavu, au kwa fulana kuukuu iliyoanguka chini ikaokotwa na kukung'utwa. Changarawe iliyonaswa kwenye pamba huchora miduara midogo inayoonekana jua linapopiga boneti. Utaratibu mzuri ni mfupi: maji mengi kwanza bila kugusa bodi, kuanzia paa kwenda chini, kisha sponji safi na ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuza sponji, matairi na madigadi yawe na brashi yao peke yake. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali na huondoa nta, ingawa ndiyo iliyo rahisi kupatikana dukani. Matone ya lami hulainishwa kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, na mahali hapo huoshwa papo hapo. Waliopita mara kwa mara kwenye ujenzi wa barabara pana ya Kenol–Sagana–Marua, yenye kilomita 84, wanazijua alama hizo. Kinyesi cha ndege kisisubiri Jumamosi, kwa kuwa asidi yake huchimba klia ndani ya siku moja au mbili za jua.

Kwa matatu kuna jambo la ziada. Mstari wa njano, ulioletwa na kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, mara nyingi ni stika, na maji ya presha yakielekezwa kwenye ukingo wake huubandua.

Taa za mbele zilizogeuka manjano hurejeshwa kwa msasa wa maji, kuanzia namba 800 au 1000 hadi 3000, kisha hupulizwa klia yenye kinga dhidi ya jua. Dawa ya meno husafisha pia, lakini bila kinga hiyo manjano hurudi baada ya wiki chache.

Maji machafu

Maji yanayotoka chini ya gari hubeba tope, oili na masalio ya mpira. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zinazuia kumwaga maji machafu bila leseni, na zinazuia pia shughuli za maendeleo ndani ya mita 6 hadi 30 kutoka ukingo wa mto, kutegemea upana wake. Hata hivyo kuosha pikipiki na pikapu mtoni bado ni jambo la kawaida. Kituo kinachofuata sheria huwa na sakafu ya saruji iliyoinama na mashimo mawili ya kutegea, la mchanga na la mafuta, kabla ya maji kwenda kwenye mfereji wa maji taka.

Mito mingi ya Nyeri huungana na Sagana, ambao huitwa Tana mbele ya safari na kujaza bwawa la Masinga. Juu zaidi kuna samaki aina ya trauti, waliotiwa kwanza mto Gura mwaka 1905 na mlowezi Ewart Grogan. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba 6PPD ikikutana na ozoni huzaa sumu inayoua samaki aina ya salmoni, na tafiti zilizofuata zikaikuta sumu hiyo ikidhuru aina fulani za trauti pia. Sehemu kubwa yake hutoka kwenye matairi yanayosagika barabarani, lakini tope linalooshwa kwenye madigadi limebeba masalio hayo hayo.

Kwa anayenunua gari

Gari linalouzwa hung'arishwa kabla ya picha kupigwa, na tairi jeusi ndilo linalodanganya kuliko yote. Weusi hausemi lolote kuhusu umri. Umri umeandikwa ubavuni, mwishoni mwa alama zinazoanza na DOT: tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa mfano 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tarakimu hizo mara nyingi ziko upande mmoja tu wa tairi, na upande huo ukiwa wa ndani itabidi mnunuzi aingie chini ya gari na tochi, au aombe gurudumu lifunguliwe.