Kiti cha Shinkansen si cha kubahatisha: Hii hapa rada ya kukata tiketi Japani

Manze, kama una form ya kuzuru Japani, kuna kitu moja lazima ujue kabla hujafika stesheni ya Tokyo. Si kila Shinkansen utaingia halafu utafute kiti ukiwa ndani. Ukifika msimu wa presha bila bukingi, unaweza kusimama karibu masaa mawili na nusu hadi Osaka, na chapaa umelipa.

Wasee ni wengi kiasi gani?

Reli ya Tokaido, kutoka Tokyo hadi Shin-Osaka, ni kilomita 515. Ilifunguliwa Oktoba 1, 1964, na wakati huo safari ilikula masaa manne. Siku hizi Nozomi, ile treni ya mbio zaidi, inafika kwa masaa mawili na dakika 21 ikiwa fiti. Nozomi moja ina mabehewa 16 na viti zaidi ya 1,300. Saa za presha, Nozomi hutoka karibu kila dakika tano. Na bado zinajaa!

Presha kubwa hukuja mara tatu: mwaka ukiisha na mwingine ukianza, Golden Week (mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei), na Obon katikati ya Agosti, wakati watu wanarudi ushago kukumbuka wazee waliotangulia.

Viti ni vya aina mbili

Kuna *shitei-seki*, kiti chenye namba yako, na *jiyu-seki*, kiti huru. Hicho cha pili ni mbio zako tu, anayewahi ndiye anayekaa.

Nozomi ilikuwa na mabehewa matatu ya viti huru. Tangu Machi 2025 yamebaki mawili. Na kuanzia msimu wa kufunga mwaka 2023, hiyo misimu mitatu ya presha Nozomi haina kiti huru hata kimoja. Sababu? Laini za kungoja viti huru zilikuwa zinajaza jukwaa na kuchelewesha treni, na Japani dakika moja ni story.

Tiketi ya kiti huru bado itakuingiza Nozomi siku hizo, lakini utasimama pale karibu na mlango. Ukitaka kukaa bila bukingi, chukua Hikari ama Kodama. Hizo bado zina viti huru, ila zinasimama stesheni nyingi zaidi. Ukielekea kaskazini, Hayabusa ni bukingi mwaka mzima.

Cheza hivi

- Tiketi huanza kuuzwa stesheni mwezi mmoja kabla ya safari, saa nne asubuhi Japani. Hiyo ni saa kumi alfajiri Nairobi, kwa hivyo weka alamu.
- Usiogope bei. Msimu wa kawaida, Tokyo hadi Shin-Osaka kwa Nozomi ni yen 13,870 kiti huru na yen 14,720 kiti chenye namba. Yen 850 ndiyo tofauti kati ya kukaa na kusota mlangoni.
- Pima begi yako. Urefu, upana na kimo vikijumlishwa vipite sentimita 160, buku kiti cha nyuma chenye nafasi ya mzigo. Usipobuku, unalipa yen 1,000.
- Unataka kuona Mlima Fuji? Ukitoka Tokyo kwenda Osaka, omba kiti E, dirishani upande wa kulia.
- Ukiachwa na treni yako, usilie. Tiketi ya kawaida ya kiti chenye namba inakuruhusu kupanda treni ya baadaye siku hiyo hiyo kwenye viti huru. Lakini msimu wa presha, kwa Nozomi hiyo inamaanisha kusimama.

Siku ya kawaida kiti huru hakina noma, hata unaweza kuamua safari dakika ya mwisho. Lakini Obon ikikaribia, buku mapema, buda. Huko hakuna kange wa kuambia abiria wasongee ndio ukae.