Inhela ina karibu miaka 70, na bado hatujafundishwa kuitumia

Watu wangu, leo siasa ikae kando kidogo. Tuongee kuhusu kile kidude cha bluu ambacho kila mtaa una mtu anatembea nacho mfukoni. Inhela. Wengine huiita dawa ya kuvuta.

Najua kuna mtu atauliza: wewe uliacha chuo mwaka wa pili karo ilipoisha, na hata famasia hukuwa unasomea, unaongea mambo ya dawa kama nani? Sawa. Naongea kama mtu ambaye dadake mdogo ana pumu, na ndiye hutumwa dukani kila dawa ikiisha. Nimeulizwa mara nyingi, "Ya bluu ama ya kahawia?" Nimeulizwa, "Unalipa na M-Pesa?" Hakuna siku nimeulizwa kama huko nyumbani tunajua kuitumia. Nikaanza kusoma hiki kitu kilitoka wapi, na historia yake si ndogo.

Tuanze Marekani. Kabla ya 1956, mgonjwa wa pumu aliyetaka kuvuta dawa alitumia chombo cha glasi chenye kipira cha kukamua kwa mkono. Kilikuwa kinavunjika ovyo, na kipimo cha dawa kilikuwa cha kubahatisha. George Maison, mkubwa wa kampuni ya Riker, alikuwa na binti wa miaka 13 mwenye pumu. Inasimuliwa kwamba huyo msichana alimuuliza babake kwa nini dawa yake isiwekwe kwa mkebe kama ile ya kupulizia nywele. Kampuni ikachukua mkebe, gesi, na vali ndogo ya kupima iliyotengenezewa manukato. Mwaka wa 1956 Medihaler ikaingia sokoni.

Ilikuwa kama muujiza. Unabonyeza, unavuta, kifua kinafunguka. Uingereza ikafika mahali unainunua dukani bila karatasi ya daktari. Halafu ikaja ile kali, isoprenalini yenye nguvu mara tano ya kawaida.

Sasa sikiliza. Kuanzia mwaka wa 1960 hivi, vijana wa Uingereza walianza kufa na pumu kuliko zamani. Mwaka wa 1968 watafiti Speizer, Doll na Heaf walitoa hesabu: kwa watoto wa miaka 10 hadi 14, vifo vya pumu vilikuwa vimepanda karibu mara nane ndani ya miaka saba. Ugonjwa ni ule ule, dawa ni mpya na inapendwa, na watoto wanakufa zaidi. Madaktari walitumiwa onyo mwaka wa 1967, mwaka uliofuata inhela hizo zikarudishwa nyuma ya agizo la daktari, na vifo vikashuka.

Wasomi walibishana sana kuhusu sababu. Wengine walisema dawa yenyewe ilikuwa inaumiza moyo. Wengine walisema ilikuwa inadanganya: mtu anapuliza, anapata nafuu, anapuliza tena, na akija kwenda hospitali amechelewa. New Zealand ilipitia kilio kama hicho kuanzia 1976, safari hii kidole kikielekezwa kwa dawa inaitwa fenoteroli. Serikali yao ilipobana matumizi yake mwishoni mwa miaka ya 80, vifo vikapungua.

Hapa ndipo mambo ya bluu na kahawia yanaingia. Pumu ni uvimbe ndani ya njia za hewa. Salbutamoli, ile ya bluu, iliyotoka mwaka wa 1969, inalegeza misuli ili hewa ipite. Uvimbe haiugusi. Dawa ya kutuliza uvimbe ni steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni iliyotoka 1972, ambayo mara nyingi ndiyo ile ya kahawia. Shida ni kwamba ya kahawia huisikii ikifanya kazi leo. Inataka uitumie kila siku hata ukiwa mzima. Kwa hivyo mtu mwenye pesa ya moja atanunua gani? Ya bluu, bila shaka. Imechukua hadi 2019 kwa GINA, jopo la kimataifa la pumu, kusema wazi kwamba mtu mzima au kijana asitibiwe na ya bluu peke yake.

Hiyo ni dawa. Sasa mkono. Tikisa inhela, toa pumzi yote, funga midomo vizuri, anza kuvuta polepole huku ukibonyeza, kisha shikilia pumzi kama sekunde 10. Inaonekana rahisi, sivyo? Mwaka wa 2016 watafiti walikusanya tafiti za miaka 40, kuanzia 1975 hadi 2014. Waliokuwa wanatumia inhela sawasawa walikuwa asilimia 31. Na katika hiyo miaka yote 40 hali haikuwa imeboreka.

Kabla ya kuwalaumu wagonjwa, ngoja. Uchambuzi mwingine uliangalia wahudumu wa afya wenyewe, wale wanaofaa kutufundisha. Walioshika inhela vizuri walikuwa kama asilimia 15 tu. Nilisoma hiyo namba mara mbili. Anayekuuzia hajui, wewe hujui, na dawa inaishia kwenye ulimi.

Kuna nchi iliyoamua kushughulikia hili. Finland ilianza mpango wa pumu wa miaka 10 mwaka wa 1994, na 1997 ikaingiza maduka ya dawa. Wazo lao lilikuwa la kawaida kabisa: kila duka la dawa liwe na mfamasia mmoja aliyefunzwa pumu na dawa zake, anayejua kuonyesha inhela na anayejua ni lini amwambie mteja arudi kwa daktari. Walifikisha wafamasia karibu 700 wa aina hiyo, karibu kila duka nchini. Siku ambazo wagonjwa wa pumu walilala hospitalini zilishuka kutoka 110,000 mwaka wa 1993 hadi 51,000 mwaka wa 2003. Sisemi ni wafamasia peke yao. Madaktari na manesi walifunzwa pia, na steroidi zilitumika zaidi. Lakini kaunta ya dawa iliachwa nje ya mpango? Hapana.

Najua jibu la Mkenya: Finland wana pesa. Ni kweli, na hata mimi najua dawa kuikosa kwa sababu ya bei. Lakini angalia walichofanya. Hawakujenga hospitali mpya. Walichukua mtu ambaye tayari yuko dukani wakamfundisha kitu cha dakika tano. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikifunza wafamasia tangu 1974, na wenye diploma ya famasia wako mpaka kwenye vituo vidogo vya mashambani. Watu tunao. Na vifaa visiwe kisingizio: mwaka wa 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa na kuzibwa vizuri kwenye inhela, iliwasaidia watoto sawa na kile chombo cha dukani cha kuvutia dawa.

Msimamo wangu ni huu. Mtu asipewe ruhusa ya kuuza inhela kama hawezi kuonyesha inavyotumika. Kila duka la dawa Kenya liwe na angalau mtu mmoja aliyefunzwa magonjwa ya kifua na dawa zake, na mafunzo yarudiwe, maana huu ujuzi unasahaulika haraka.

Kabla hiyo sheria ije, na tunajua sheria zetu huja na bodaboda mbovu, ukienda kununua inhela mwambie aliye kaunta: "Nionyeshe, halafu niangalie nikifanya." Akishindwa, tafuta duka lingine. Halafu niandikie hapo chini ilikuwaje.