Mji Usiokuwa na Ardhi

Msomaji kijana, umekwisha kusoma habari za miji mingi katika historia. Umesoma habari za Kilwa, na za Gedi ambayo kuta zake zasimama mwituni hata leo. Umesoma habari za Roma na Athene. Leo nataka kukusimulia habari za mji ambao hakuna mchimbaji atakayepata kigae chake, hata akichimba miaka mia. Haukujengwa kwa mawe wala kwa mbao, bali kwa hesabu. Hata hivyo ulikuwa na nyumba, maduka, gazeti, kanisa, wezi na mkuu wa usalama. Jina lake liliitwa Habitat.

Siku moja wanafunzi wangu wawili walibishana juu ya mchezo wa simu. Mmoja alilalamika kuwa ameibiwa upanga katika mchezo huo. Mwenziwe akamcheka, akasema kitu kisichoshikika hakiibiki. Waliniomba niamue, nami sikuweza kuamua upesi. Swali lao si jipya. Liliulizwa kabla wao hawajazaliwa, na mji huo ndio ulioliuliza kwa sauti kubwa.

Yafaa tuanze na asili yake. Mwaka 1978 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, jina lake Roy Trubshaw, alianza kutunga programu ya kompyuta iliyowawezesha watu kadha kuingia pamoja katika nchi ya kubuni. Mwaka 1980 kazi hiyo ilirithiwa na mwenziwe, Richard Bartle. Nchi hiyo haikuwa na picha hata moja. Mchezaji alisoma maneno yaliyomweleza mahali alipo, naye akaandika maneno ya kusema atakalo. Lakini humo alikutana na watu wengine walio hai, na jambo hilo ndilo lililokuwa jipya.

Miaka michache baadaye, huko California nchini Marekani, kampuni ya Lucasfilm Games ilitaka kuumba nchi ya namna hiyo yenye picha. Mafundi wakuu wa kazi walikuwa Chip Morningstar na Randy Farmer. Mji wao ulifunguliwa kwa majaribio mwaka 1986, na majaribio hayo yakaendelea hata mwaka 1988. Mchezaji alitumia kompyuta ndogo ya nyumbani, Commodore 64, ambayo kumbukumbu yake haikuweza kuchukua zaidi ya maneno ya kitabu chembamba. Habari zilisafiri kwa waya wa simu, kiasi cha herufi 30 tu kwa sekunde. Kwa vyombo dhaifu hivyo mafundi walikusudia kuweka mji wa watu 20,000.

Kila mchezaji alipewa mwili wa picha, nao waliuita avatari. Neno hilo ni la Kisanskriti, na katika dini ya Kihindu lina maana ya kushuka kwa mungu duniani katika umbo la kiumbe. Mwili huo ulitembea, ukashika vitu, ukabadili kichwa kwa kununua kingine dukani, na maneno yake yakaonekana juu yake kama katika vikatuni vya magazeti. Mgeni alianza maisha na tokeni 2,000, fedha za mji huo, na kila siku aliyoingia aliongezewa 100.

Sasa sikiliza kisa cha fedha hizo. Mjini palikuwa na mashine za kuuza vitu, na nyingine ya kununua vitu kutoka kwa watu. Mafundi walikosea bei mahali pawili. Mashine moja iliuza wanasesere kwa tokeni 75, na ile ya kununua iliwanunua kwa 100. Nyingine iliuza tufe za kioo kwa tokeni 18,000, na ile ya kununua ilitoa 30,000. Piga hesabu mwenyewe: mwenye tokeni 1,500 alipata wanasesere 20, akawauza kwa 2,000, kisha akarudi tena. Wachezaji wachache waliligundua jambo hilo. Usiku mmoja walikwenda na kurudi kwa saa nyingi, kama wachukuzi wa bandarini, hata wakapata fedha za kutosha kununua tufe za kioo. Asubuhi mafundi waliposoma taarifa ya mji waliona ajabu: fedha zote za nchi zimekuwa mara tano ya zile za jana!

Walipowauliza matajiri hao wapya, walijibiwa kwamba mali imepatikana kwa haki, na kwamba njia yake haitasemwa. Tazama kichekesho hicho, msomaji: waumbaji wa ulimwengu walilazimika kuwabembeleza viumbe wao wawaambie lililotokea! Mwishowe waliambiwa, wakarekebisha bei. Na matajiri wale walifanya nini? Walizitumia fedha zao kuandaa michezo ya kutafuta hazina, wakawafurahisha wenzao wengi.

Siku nyingine mafundi wenyewe waliandaa mchezo wa kisiwa. Kuujenga kulichukua wiki kadha, nao walitumaini kwamba utawashughulisha watu kwa siku nyingi. Mtu mmoja alikitambua kidokezo kikubwa katika dakika 15 za kwanza, akaumaliza mchezo kwa saa 8 hivi, hali wengi hawajaanza. Akili ya wachache waliokaa chumbani na kupanga haikuishinda akili ya umati. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa penye wengi pana mengi.

Lakini si yote yaliyokuwa ya kuchekesha. Silaha ziliruhusiwa, na aliyeuawa alirudi nyumbani kwake mikono mitupu, amepoteza alichokuwa amebeba. Wako waliokuwa wakinyang'anya na kuua kwa furaha. Wengine walichukia. Mchezaji mmoja, ambaye katika maisha yake ya kweli alikuwa kasisi wa Kanisa la Orthodoksi la Kigiriki, alianzisha kanisa la kwanza la mji huo, akaliita kwa mzaha Jamii ya Jozi Takatifu. Wafuasi wake walikatazwa kubeba silaha, kuiba na kudhuru. Watu waliulizwa kwa kura kama kuua ni uhalifu au ni sehemu ya mchezo, wakagawanyika nusu kwa nusu. Baadaye wagombea watatu walishindania cheo cha sherifu, na mkuu wa usalama akachaguliwa.

Hapo ndipo penye uzito wa insha hii. Mafundi walikuwa na uwezo wa kuamuru lolote: wangeweza kufuta silaha au kunyang'anya mali kwa kubonyeza kidole. Waliona kwamba uwezo si sawa na haki. Mwili wa avatari ulikuwa picha, lakini hasira ya aliyenyang'anywa haikuwa picha, wala furaha ya aliyesaidiwa haikuwa ya kubuni. Katika andiko lao la mwaka 1990, Morningstar na Farmer walikiri kwamba haiwezekani kuupanga mji wa watu kwa kila jambo tangu mwanzo. Afadhali mjenzi aangalie watu wanataka kufanya nini, awasaidie. Waliyagundua kwa kompyuta mambo ambayo watawala wa miji ya mawe waliyagundua kwa machozi.

Mji wenyewe ulifungwa, na wengi wakausahau. Ila mwaka 2016 maandishi ya programu yake yalitolewa wazi kwa umma, kwa juhudi ya jumba la makumbusho la Oakland, California, na watu wa kujitolea wakaufufua. Hivyo hata mji usiokuwa na ardhi umepata wachimbaji wake.

Wewe msomaji, huenda siku moja ukawa mtunzi wa programu. Basi shika mawili haya. Kwanza, kagua kila bei na kila kanuni kabla ya kufungua mlango, kwa kuwa kosa la hesabu uliloliona dogo jioni laweza kuwa mlima asubuhi. Pili, kumbuka kwamba nyuma ya kila picha inayotembea yuko mtu aliyeketi mahali fulani, na moyo wake wadunda. Na yule mwanafunzi wangu aliyeibiwa upanga nilimjibu hatimaye: upanga haukuwapo, lakini wizi ulikuwapo.